Jeki ya umeme ya trela: Pima uzito wa mkono kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayenunua trela dogo la kuvutwa na gari huwaza mambo mengi kabla ya kuliingiza barabarani. Huwaza bei ya tangi ikiwa anauza maji, huwaza jiko ikiwa anauza chakula, na huwaza jenereta, viti na mahema ikiwa riziki yake ni kukodisha vifaa vya arusi na matanga. Jeki ya kulisimamisha trela lenyewe huwa ndiyo ya mwisho kufikiriwa, tena hununuliwa kwa pesa zilizosalia.

Hata hivyo, ni kifaa hicho kinachoamua iwapo mtu mmoja ataweza kulifungua trela kutoka kwa gari saa nne za usiku mtaani Umoja au Kayole, au itambidi awaite vijana wanne wamsaidie kuliinua. Na pindi kinapoteleza, kinachoanguka ni chuma chenye uzito wa mamia ya kilo, ilhali mguu au kidole cha mtu huwa karibu.

Jeki za umeme, ambazo zilibuniwa hasa kwa ajili ya nyumba za magurudumu zinazovutwa na magari katika nchi kama vile Marekani, leo zinaweza kuagizwa na yeyote mwenye simu na pesa za kulipia. Ahadi ya wauzaji ni kwamba mwenye trela atabonyeza swichi tu, na jeki ifanye kazi iliyokuwa ikimtoa jasho. Ahadi hiyo ni ya kweli, lakini haimfai kila mtu. Anayetaka kuchagua vyema hana budi kuanza na swali ambalo halijaandikwa kwenye boksi la jeki: je, mkono wa trela lake una uzito gani likiwa limebeba mzigo?

Kazi ya jeki

Trela la ekseli moja halisimami lenyewe. Magurudumu yake hubeba sehemu kubwa ya uzito, lakini sehemu nyingine huelemea mbele, kwenye mkono unaoliunganisha na gari. Trela likiwa limeshikana na gari, uzito huo hubebwa na tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Likifunguliwa, lazima kuwepo kitu cha kuupokea. Kitu hicho ndicho jeki ya mkono.

Jeki ya kawaida ya aina hii ni bomba la chuma lenye parafujo ndefu ndani yake. Mtu huzungusha hendeli, parafujo huzunguka, na mguu hushuka hadi chini na kuunyanyua mkono wa trela kutoka kwenye tufe. Ikiwa kila mzunguko wa hendeli hushusha mguu kwa milimita 3, basi kuinua kwa sentimita 30 huhitaji mizunguko 100. Anayefanya hivyo mara moja kwa wiki hatalalamika. Anayefanya hivyo mara sita kwa siku, akiwa peke yake na mvua inamnyeshea, ataanza kutafuta njia nyingine.

Jeki ya umeme haina muujiza wowote. Ni parafujo ile ile, ila juu yake kumewekwa mota ndogo na gia. Mota hutumia umeme wa betri wa volti 12, gia hupunguza kasi yake na kuongeza nguvu, na mguu hushuka au kupanda kulingana na upande wa swichi uliobonyezwa. Nyingi hunyoosha mguu wake kwa takriban sentimita 45, kazi inayochukua dakika moja hadi mbili. Nyingi pia huwa na taa ndogo ya kumulika mahali pa kufungia, jambo ambalo si la anasa katika vichochoro visivyo na taa za barabarani.

Hesabu ya uzito

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi wa matrela nchini Marekani ni kwamba uzito unaoelemea mkono uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela lililobeba mzigo. Barani Ulaya, ambako matrela huvutwa zaidi na magari madogo, kiwango kinachopendekezwa huwa cha chini kuliko hicho. Kanuni hizi zina sababu. Mkono ukiwa mwepesi mno, trela huyumba likiwa kwenye mwendo na linaweza kumshinda dereva. Ukiwa mzito mno, hukandamiza sehemu ya nyuma ya gari, na magurudumu ya mbele yakapoteza mshiko barabarani.

Chukua mfano wa trela la maji. Tuseme fremu, magurudumu, tangi tupu na pampu kwa pamoja vina uzito wa kilo 400. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa huongeza kilo 1,000. Jumla ni kilo 1,400. Asilimia 10 ya uzito huo ni kilo 140, nayo asilimia 15 ni kilo 210. Hicho ndicho kiasi ambacho jeki itanyanyua, si kilo zote 1,400.

Hata hivyo, hesabu ya karatasi inaweza kumhadaa mtu. Matrela mengi ya Nairobi huundwa na mafundi wa jua kali, na kila fundi huweka ekseli pale anapoona panafaa. Ekseli ikisogezwa nyuma kidogo, mkono huelemewa zaidi. Mwenye kibanda cha chakula naye huona sehemu ya mbele ndiyo mahali pazuri pa kuweka mitungi ya gesi. Mtungi wa gesi ya kilo 13, ukijumlisha chuma chake, huzidi kilo 25 ukiwa umejaa. Miwili huwa imeongeza zaidi ya kilo 50 juu ya mkono, na mwenye trela hana habari.

Dawa ni kupima, na kupima hakuhitaji mashine ya bei. Mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili, kipande cha tofali na boriti imara vinatosha. Trela lililopakiwa mzigo wake wa kila siku huwekwa mahali tambarare na magurudumu yake yakazuiwa kwa kabari. Upande mmoja wa boriti huwekwa juu ya tofali, na upande wa pili juu ya mizani, boriti ikiwa imelala sawasawa. Namba ambayo mizani inaonyesha kwa sababu ya boriti yenyewe huandikwa kando.

Kisha mkono wa trela hushushwa taratibu juu ya boriti, mahali ambapo umbali hadi kwenye tofali ni sehemu moja na umbali hadi kwenye mizani ni sehemu mbili. Mathalani, sentimita 40 kutoka kwa tofali na sentimita 80 kutoka kwa mizani. Mizani hapo itakuwa imebeba thuluthi moja tu ya uzito. Toa namba ya boriti, kisha zidisha kinachobaki mara tatu. Mizani ikisoma kilo 65 baada ya kutoa uzito wa boriti, mkono una kilo 195.

Namba hiyo ikishapatikana, kanuni salama ni kununua jeki yenye uwezo usiopungua mara mbili yake. Mkono wa kilo 195 huhitaji jeki ya kilo 400 hivi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu jeki za umeme zilizotengenezewa soko la Marekani huandikwa uwezo wake kwa ratili. Jeki iliyoandikwa 3,500 haiinui tani tatu na nusu. Ukigawa kwa 2.2 unapata takriban kilo 1,590. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara wetu wa maji, uwezo huo ni mara nane ya uzito wa mkono wake. Kumshawishi anunue ya ratili 5,000 ni kumuuzia nguvu asizozihitaji, pamoja na mota inayoweza kumwongezea mzigo wa betri.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba baadhi ya jeki huwa na namba mbili, moja ya uzito ambazo zinaweza kuunyanyua na nyingine ya uzito ambazo zinaweza kuuhimili zikiwa zimetulia. Namba ya pili huwa kubwa, na ndiyo hupenda kuandikwa kwa herufi nene. Anayenunua azingatie ile ya kunyanyua.

Udongo mweusi

Sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa jiji, kuanzia Embakasi na Kayole hadi Njiru na Ruai, imekalia udongo mweusi wa mfinyanzi. Wajenzi wanaufahamu vyema, kwa maana huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji hugeuka tope linalomeza kila kitu kizito chenye wayo mdogo.

Wayo wa jeki ni mdogo. Wenye upana wa sentimita 15 kwa 15 una eneo la sentimita 225 za mraba. Ukibeba kilo 200, kila sentimita ya mraba hukandamiza ardhi kwa karibu kilo moja. Ukiweka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, eneo huwa sentimita 1,600 za mraba, na mkandamizo hupungua mara saba. Ubao huo, wenye unene wa angalau sentimita 5, ni wa bei ndogo kuliko sehemu yoyote ya trela, lakini bila huo jeki ya bei ghali kupindukia huzama na kuinama usiku kucha, na asubuhi mkono hukutwa matopeni.

Ieleweke kwamba jeki ya aina hii imeundwa kubeba uzito ulionyooka kutoka juu kwenda chini. Haikuundwa kuvumilia msukumo wa kando. Trela likisogea hata kwa sentimita chache, mguu ulionyooshwa sana hupinda, na parafujo iliyopinda hairudi ndani tena. Kwa hivyo mguu usinyooshwe kupita kiasi. Ikiwa mahali pa kuegesha pana mteremko, ni afadhali kuongeza mbao chini ya wayo kuliko kumalizia parafujo yote.

Matuta ya barabarani nayo yasisahaulike. Katika mitaa mingi ya Eastlands, tuta hufuatana na tuta. Mguu wa jeki unaoning'inia chini ya mkono wa trela ndio hugonga kwanza. Mnunuzi apime umbali kutoka chini ya mkono hadi barabarani, kisha aulize jeki anayoitaka hubaki na urefu gani mguu ukiwa umerudi wote ndani. Zile zenye mguu wa kuchomoa au wa kupandisha kwa pini zina nafuu katika barabara za namna hii.

Volti 12 au 24

Kosa la umeme linaloweza kuua jeki siku ya kwanza ni kuiunganisha na betri isiyofaa. Magari madogo na pikapu nyingi hutumia volti 12, lakini malori mengi na mabasi hutumia volti 24. Mota ya volti 12 ikipewa 24 huenda kasi kwa muda mfupi, kisha huungua. Mwenye trela linalovutwa leo na pikapu na kesho na lori anashauriwa kuliwekea trela betri yake lenyewe.

Betri hiyo haihitaji kuwa kubwa mno. Tuseme mota inakula ampea 30 ikiwa inanyanyua, na kazi inachukua dakika mbili. Hiyo ni sawa na ampea 1 kwa muda wa saa moja. Betri yenye uwezo wa ampea 50 kwa saa, ikiwa nzima na imechajiwa, inaweza kunyanyua mara nyingi kabla ya kuchoka. Paneli ndogo ya sola ya wati 20 huweza kurudisha umeme wa mnyanyuo mmoja kwa saa moja au mbili za jua zuri. Tatizo huja pale mtu anapotumia betri kuukuu iliyokataliwa na gari, akidhani kwamba kazi ya jeki ni ndogo.

Waya nao una masharti yake. Ampea 30 si za kupitishwa kwenye waya mwembamba wa taa za nyuma. Waya kama huo hupata joto, plastiki yake ikayeyuka, na moto ukaanza karibu na mitungi ya gesi. Betri ikiwa kwenye trela, mita moja au mbili kutoka kwa jeki, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba hutosha. Umeme ukitolewa kwenye betri ya gari hadi mbele ya trela, umbali wa mita tano au zaidi, inafaa kupanda hadi milimita 10 za mraba, kwani katika umbali huo waya mwembamba hupoteza nguvu njiani na mota hulalama bila kuinua.

Fyuzi ni ya lazima, na mahali pake ni karibu na betri, si karibu na jeki. Kazi yake ni kuukinga waya mzima ukikwaruzwa na kugusa chuma. Ukubwa wa fyuzi ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, na ikikatika isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi inayokatika kila mara inasema kwamba jeki imeelemewa au waya umechubuka, na dawa ni kutafuta chanzo.

Upande wa hasi nao hupuuzwa. Jeki nyingi hurudishia umeme wake kwenye fremu kupitia bolti zinazoishikilia. Trela likiwa limepakwa rangi nene, rangi hiyo huzuia umeme, na mwenye jeki huilaumu mota bure. Fundi akwangue rangi chini ya bolti hadi chuma king'ae, akaze, kisha apake grisi kuzuia kutu.

Mwisho, hakuna jeki ya umeme ya kutegemewa isiyokuwa na njia ya kuzungushwa kwa mkono. Betri itakwisha siku moja, tena siku ya kazi nyingi. Mnunuzi ahakikishe kwamba hendeli ya akiba imo kwenye boksi, aijaribu papo hapo, na baadaye aifunge kwenye trela kwa mnyororo mdogo ili isipotee.

Fundi na vipimo

Eneo la Kariobangi Light Industries, karakana za Kamukunji na maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, yana mafundi wa kila aina wanaoweza kuunda au kufunga sehemu za trela. Ustadi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo vinavyofanana.

Jeki za umeme za Marekani zimekusudiwa matrela ambayo mkono wake umeundwa kwa vyuma viwili vinavyokutana mbele kama herufi A. Pale vinapokutana huwa na bamba lenye tundu la kupitishia bomba la jeki, lenye upana wa takriban milimita 57, na matundu matatu ya bolti. Trela lenye mkono wa bomba moja halina bamba hilo. Mwenyewe atalazimika kumwomba fundi aunde bamba na kulichomelea, au achague jeki ya kufungwa kando ya bomba. Anayenunua kwanza na kupima baadaye hujikuta na jeki nzuri isiyo na mahali pa kukaa.

Bamba likichomelewa, unene wake usipungue ule wa chuma cha mkono wenyewe, na mshono uzunguke pande zote. Jeki yenyewe ifungwe kwa bolti, isichomelewe. Ya bolti huweza kufunguliwa ili ikarabatiwe, na huweza pia kuondolewa na kuwekwa ndani usiku. Hili si jambo dogo jijini. Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kufuatia uharibifu wa miundombinu, ikiwemo ya umeme, na marufuku hayo yakaondolewa baadaye mwaka huo. Chuma kisicholindwa bado kina wateja wake.

Dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe jeki iunganishwe na betri mbele yake. Mguu unyooshwe wote na kurudishwa wote. Sauti ya mota iwe moja, bila mikwaruzo ya gia. Mguu ukiwa umenyooshwa, utikiswe kwa mkono. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini kucheza kupita kiasi ni dalili ya parafujo au beringi iliyolika. Kwa jeki ya mtumba, ashike bomba na kulitazama kwa urefu wake kama fundi seremala atazamavyo ubao. Lililopinda huonekana.

Afungue pia kifuniko cha mota ikiwa inaruhusiwa. Kutu ya kijani kwenye nyaya huonyesha kwamba maji yaliingia. Vumbi la kiangazi na maji ya masika ndio maadui wakubwa wa vifaa hivi, na mfuko wa turubai wa kufunika mota ni kinga ya bei nafuu.

KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, huzitaka bidhaa zinazoingizwa nchini zithibitishwe ubora, na utaratibu wa kuzikagua kabla hazijasafirishwa kutoka nchi za nje ulianza 2005. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi nayo ilipitishwa 2008. Mnunuzi atake risiti yenye jina la bidhaa na uwezo wake, na dhamana ya maandishi. Muuzaji anayekataa kuandika uwezo wa jeki kwenye risiti huwa amejibu swali.

Usalama kwanza

Jeki ya mkono wa trela ina kazi moja, nayo ni kuinua na kushusha sehemu ya mbele. Haikuundwa kwa kubadilisha gurudumu, wala kwa mtu kuingia chini ya trela kuchomelea au kukaza bomba la maji. Kwa kazi hizo hutumika jeki ya chupa au ya toroli kuinua, kisha stendi za chuma huwekwa chini ya fremu ili zibebe uzito. Jeki, iwe ya mkono, ya mafuta au ya umeme, ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu aliyelala chini.

Mpangilio wa kufungua trela ni ule ule kila siku. Kwanza, kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Pili, ubao huwekwa chini ya wayo. Tatu, mguu hushushwa hadi ubebe uzito kidogo. Nne, kishikio cha tufe hufunguliwa na mkono hunyanyuliwa hadi uachane nalo. Minyororo ya usalama na waya wa taa hutolewa mwishoni, na gari huondolewa polepole. Wakati wa kuunganisha, hatua hufuatwa kinyume, na mguu hupandishwa wote kabla ya gari kwenda. Anayeusahau huuacha kwenye tuta la kwanza.

Mitaani watoto hucheza karibu na kila kitu kilichoegeshwa. Swichi inayowaka taa ni kishawishi kwao. Jeki ya umeme iwekewe swichi kuu iliyofungiwa ndani ya boksi, au fyuzi yake ichomolewe trela linapolala nje.

Mwenye biashara aliyeajiri vijana ana wajibu wa ziada. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vifaa na njia za kazi si hatari kwa wafanyakazi, nayo sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka awakatie bima. Kidole kilichopondwa na mkono wa trela si bahati mbaya ya kibarua mwenyewe tu. Trela nalo ni chombo cha barabarani chenye usajili wake, na namba zake humu nchini huanza kwa herufi Z. Lisilosajiliwa likisababisha ajali, mwenyewe atakuwa na mengi ya kujieleza.

Nani aachane nayo

Baada ya hesabu zote, wapo wengi ambao jeki ya umeme haiwafai. Mkono wenye uzito usiozidi kilo 100, unaofunguliwa mara moja kwa siku, unatoshwa na jeki ya kuzungusha kwa mkono yenye gia nzuri. Haina waya wa kuungua wala betri ya kuibwa, na mahitaji yake ni grisi mara kwa mara.

Kuna pia wale wanaoegesha trela mahali ambapo gari haliingii: ndani ya ua la ploti, kati ya ukuta na ngazi, au nyuma ya kibanda. Hawa husukuma trela kwa mikono hatua za mwisho. Jeki nyingi za umeme huwa na wayo bapa, usiosogea. Anachohitaji mtu huyu ni jeki yenye gurudumu dogo chini yake, linalomwezesha kuligeuza trela kwenye sakafu ngumu. Akinunua ya umeme atakuwa ameokoa jasho la kuinua na kulipia jasho la kusukuma.

Inayemfaa hasa ni mtu ambaye mkono wa trela lake unafikia au kupita kilo 150, anayefungua na kuunganisha mara kadhaa kwa siku, ambaye hufanya kazi peke yake au ana mgongo usioruhusu kuinama, na ambaye ana betri nzima ya volti 12 karibu. Kwa huyu, muda anaookoa kila siku ni muda wa kumhudumia mteja mwingine, na mgongo wake utamshukuru.

Kwa hivyo, anayekwenda dukani abebe karatasi yenye namba nne: uzito wa mkono trela likiwa limebeba mzigo, urefu kutoka ardhini hadi chini ya mkono, upana wa tundu la bamba kama lipo, na volti za betri. Muuzaji akiwa na jeki inayolingana na namba hizo, biashara ifanyike. Asipokuwa nayo, mnunuzi arudi nyumbani na pesa zake, aendelee kuzungusha hendeli hadi atakapoipata inayofaa.